MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: TUHUMA SI HUKUMU

Askari aliyepata kulinda zamu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, anajua uzito wa jina. Wanaishi pale watu waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia, na uvumi huenda mbio kuliko pikipiki. Mtu akitajwa sokoni kuwa ni mwizi kabla polisi hawajaandika maelezo, umati huitangulia mahakama.

Ndivyo ilivyo katika tuhuma za dawa za kuongeza nguvu michezoni.

Mwaka 2003, Bernard Lagat, mkimbiaji wa Kenya wa mita 1,500, alipimwa huko Ujerumani, na sampuli ya kwanza ikadaiwa kuwa na dawa iitwayo EPO. Akayakosa mashindano ya dunia mjini Paris, na jina lake likavuma. Sampuli ya pili ilipopimwa, akaonekana hana hatia. Lakini mashindano yalikwisha kupita.

Mwaka 2018 akatajwa Asbel Kiprop, bingwa wa dunia mara tatu wa mbio hizo hizo, naye wakati huo alikuwa askari wa polisi ya Kenya. Habari zilivuja magazetini mwezi Mei, akakana. Safari hii tuhuma zilithibitika, na mwezi Aprili 2019 akafungiwa miaka minne.

Siku ya habari ya kwanza, watu hawa wawili walifanana. Kilichowatenganisha ni ushahidi, na ushahidi una hatua zake. Huko Marekani nako, wachezaji wa besiboli walipimwa mwaka 2003 kwa ahadi ya siri. Mwaka 2009 majina ya baadhi yao yakavuja, moja moja.

Hatusemi waandishi wanyamaze, kwani maovu yanayofichwa huzaana. Twasema tuhuma iitwe tuhuma, hatua iliyofikiwa ielezwe, na anayesafishwa atangaziwe kwa sauti ile ile iliyomchafua.

Jambo hili latuhusu. Joshua Cheptegei, bingwa wetu wa Olimpiki, ni afisa wa polisi. Basi wewe unayekimbia alfajiri katika kambi ya Makenke, Mbarara, usimeze dawa usiyoijua. Na jina la mwenzio likitajwa redioni, uliza kwanza kama unavyouliza kazini: ushahidi umekamilika?