Sheria Ndogo za Kelele Mitaani: Mambo ya Kupimwa kwa Kata ya Pongwe

Sheria ndogo ya kelele huamua sauti gani iruhusiwe mtaani, mahali gani na mpaka saa ngapi. Kwa Jiji la Tanga, mamlaka ya kuitunga yanatoka kifungu cha 89 cha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288. Rasimu huandaliwa na wataalamu wa Mkurugenzi wa Jiji, hupita kwenye kamati za kudumu, hutangazwa ili wakazi watoe maoni na pingamizi, kisha hufika mbele ya Baraza la Madiwani. Hata likishaipitisha, haina nguvu mpaka Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa airidhie na itangazwe katika Gazeti la Serikali.

Madiwani wanaoijadili hawaanzi na ukurasa mtupu. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo kwa kutofautisha mchana na usiku, makazi na viwanda. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inatambua kosa la kero kwa umma. Mwaka 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Sheria basi zipo. Kinachokosekana mitaani ni mkono unaofika wakati kelele bado inapigwa, na hapo ndipo sheria ndogo ina kazi yake.

Pongwe iko pembezoni mwa Jiji, kama kilomita 15 kutoka mjini, kwenye barabara kuu iendayo Segera. Kuna kiwanda cha saruji, machimbo ya chokaa, reli ya zamani iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na malori yasiyojua usiku wala mchana. Kelele za aina hii zina wasimamizi wake: mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na usalama wa wafanyakazi una wakala wake, OSHA. Sheria ndogo ikijaribu kuyabeba na hayo yote itaelemewa. Inayoihusu zaidi ni ile kelele ya jirani kwa jirani: ukumbi, baa, spika za shughuli, mashine ya kusaga iliyobanana na nyumba, bodaboda iliyotobolewa ekzosi.

Baya kuliko yote ni besi. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta na mlango, besi hupenya. Katika nyumba ya tofali iliyoezekwa bati, muziki wa ukumbi ulio mitaa miwili mbele hausikiki maneno wala gitaa. Kinachofika ni mdundo tu. Msumari uliolegea unagonga bati, vioo vya dirisha vinanguruma, maji ndani ya kikombe juu ya stuli yanatetemeka, na mtoto mchanga aliyekuwa amelala anaanza upya kulia. Kipimo cha kawaida cha desibeli hufuata usikivu wa sikio, ambalo ni zito kwa sauti nene, hivyo kinaweza kuonyesha namba ya wastani wakati kitanda kinatikisika. Desibeli zenyewe hazijumlishwi kama shilingi: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka mara mbili mahali pa wazi, hupungua kama 6 tu. Kwa hiyo kuuhamisha ukumbi hatua chache hakusaidii kitu. Kuigeuza spika isiielekee mitaa, na kuzima besi saa ikifika, kunasaidia sana.

Upo upande wa pili, na una haki yake. Tanga ni mji wa ngoma na taarab; vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vilitoka hapa, na ngoma ya baikoko ni ya hapa. Arusi isiyo na ngoma Pwani haijawa arusi. Sheria inayompa kila mwenye shughuli jina la mkosaji itavunjwa Jumamosi ya kwanza, na itastahili kuvunjwa. Njia ya haki ni kibali kinachotolewa na mtendaji wa mtaa kwa ada ndogo, kikitaja siku, mahali na saa ya kuzima, na nakala yake ikabandikwa ofisini ili jirani aisome kabla ya siku yenyewe. Kigodoro cha kukesha kati ya nyumba za watu ni jambo jingine. Hicho kitafutiwe uwanja.

Nyumba za ibada zinahitaji uangalifu zaidi, maana neno moja likikaa vibaya mtaa hugawanyika. Adhana ni ya dakika chache. Mkesha wa spika za nje ni wa saa nyingi, uwe wa maulidi au wa injili. Kigezo kiwe muda na mwelekeo wa spika, kimoja kwa wote, na viongozi wa dini waitwe wakati wa rasimu, wasingoje kusomewa sheria iliyokwisha kupita.

Linabaki swali ambalo rasimu nyingi hulipita haraka: saa nane usiku anapigiwa nani? Vipimo ni vichache na havilali Pongwe. Sharti linalotegemea desibeli peke yake humlazimu mtendaji kungoja mtaalamu, na akifika muziki umekwisha. Sharti la saa, kwa mfano saa nne usiku bila kibali, linathibitishwa kwa saa ya mkononi na mashahidi wawili. Mwenyekiti wa mtaa aonye kwanza. Onyo liandikwe katika daftari. Kosa likirudiwa, Mkurugenzi au aliyemkasimu afifilishe kosa kwa mkosaji anayekiri na kulipa, na asiyekiri apelekwe mahakamani. Namba ya simu ya mtendaji wa zamu iandikwe kwenye kila kibali, chini ya saa ya kuzima.