Walimu Wanaohudumu Pamoja

Mada iliyotolewa kwa walimu wa shule za msingi na sekondari



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi na kufika hapa, wengine kwa miguu, wengine kwa pikipiki za kukodi. Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo moja: kwa namna gani walimu wa shule mbalimbali, waliotawanyika vijijini, waweza kuwa jumuiya moja inayofanya kazi pamoja. Wengi wetu tukisikia neno "jumuiya" twafikiria mara moja mkutano, katiba, mwenyekiti na mweka hazina. Leo twapenda kuanzia mahali pengine. Twapenda kuanzia kwenye kazi.

1. Hali tuliyo nayo

Katika safari zetu za kutembelea shule tuliwahi kukutana na walimu wawili waliokuwa wakifundisha darasa la tano, kila mmoja katika shule yake. Kati ya shule hizo kuna korongo ambalo mtoto hulivuka kwa robo saa. Wote wawili walikuwa wakihangaika na mada ileile ya sehemu katika hisabati. Mmoja alikuwa amegundua njia: alileta khanga darasani, akaikunja nusu, kisha robo, kisha thumni, na watoto wakaelewa. Mwenzake wa ng'ambo ya korongo hakuijua njia hiyo, kwa kuwa hawakuwahi kuzungumza hata siku moja.

La kushangaza ni kwamba wote wawili walikuwa katika kundi moja la simu za mkononi. Tuliomba kuonyeshwa yale yanayoandikwa humo. Tukaona rambirambi, mchango wa harusi, matangazo kutoka kwa wakubwa, na salamu za asubuhi. Mambo hayo ni mema, wala hatuyadharau. Lakini katika muda wa miezi kadhaa hatukuona hata mwalimu mmoja aliyethubutu kuandika: "Somo hili limenishinda, wenzangu mnalifundishaje?"

Kwa nini? Kwa sababu kukiri kushindwa mbele ya watu usiofanya nao kazi ni aibu. Mkulima hamwambii mpita njia kwamba jembe limempiga mguuni. Humwambia yule anayelima naye tuta kwa tuta. Kwa hiyo twasema hivi: chombo cha mawasiliano huunganisha masikio, bali kazi huunganisha watu. Tukitaka walimu wawe jumuiya, hatuna budi kuwapa kazi ya pamoja, tena kazi yenye faida kwa watu wanaowazunguka.

2. Mfano wa mwaka 1973

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliomo humu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoongoza mpango wenyewe, na Radio Tanzania ikarusha vipindi vyake. Miaka miwili kabla, katika kampeni ya "Wakati wa Furaha" ya mwaka 1971, walishiriki watu wapatao 20,000. Katika "Mtu ni Afya" walishiriki watu wapatao milioni 2, wakiongozwa na viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Viongozi hao hawakuwa wote walimu wa shule. Walifundishwa kwa ngazi: wachache waliwafundisha wengine, na hao wakaenda kuwafundisha wengine zaidi, mpaka vijijini.

Utaratibu wa kikundi ulikuwa mwepesi. Watu walikusanyika kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakazungumza. Walijifunza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Lakini mazungumzo hayakuishia hapo. Kila kikundi kilipaswa kujiuliza: sisi hapa kwetu tutafanya nini? Wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakasafisha visima, na vyoo vilivyochimbwa nchini vilihesabika kwa mamia ya maelfu.

Sasa tutazame kwa makini. Je, ni redio iliyowafanya watu hao kuwa kitu kimoja? La hasha. Redio ilikuwapo kabla ya hapo, na watu waliisikiliza kila mmoja nyumbani kwake. Kilichowaunganisha ni shimo la choo lililokuwa linangoja kuchimbwa, na swali la kesho yake: "Mlifikia wapi?" Redio iliwafahamisha tu kwamba hawako peke yao, kwamba mahali pengine kuna kikundi kama chao kilichoshika jembe lilelile.

Mwaka uleule wa 1973, maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi, wakaanza kuelekeza Kanisa la Afrika Mashariki kwenye jumuiya ndogondogo. Hizi ni habari mbili tofauti, lakini zote mbili zilitambua jambo moja: mtu mzima hubadilika akiwa katika kikundi kidogo ambamo jina lake linajulikana na kutokuwapo kwake kunaonekana.

Haki yatutaka tuseme pia upungufu wa kampeni ile. Mada zilichaguliwa juu, na vikundi viliachiwa kuamua utekelezaji tu. Tena kampeni ina mwisho wake, lakini uchafu hauna. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kilitukumbusha kwamba afya haijengwi mara moja ikaachwa. Ndiyo maana twahitaji jumuiya inayodumu, wala si kampeni inayopita.

3. Huduma si kibarua

Hapa yatupasa kusema neno gumu. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 na 1990 twakumbuka kitu kilichoitwa kazi za mikono. Tulichota maji, tukabeba kuni, tukapalilia mashamba ambayo mavuno yake hatukuyaona. Aliyechelewa aliadhibiwa kwa kulima. Hatusemi kwamba kila shule ilikuwa hivyo, wala kwamba jasho halikutufunza lolote. Lakini mtoto anayelima kama adhabu hujifunza jambo moja tu: kwamba kilimo ni adhabu.

Sivyo alivyotaka Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mipango ya shamba la shule na matumizi ya mapato yake. Kazi ilikusudiwa kuwa sehemu ya somo, na mwanafunzi awe mwenye shamba, asiwe kibarua. Mahali pengi jembe lilibaki, uamuzi ukaondolewa.

Huko Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1960, walikuwapo walimu walioanza kutafuta njia ya kuunganisha masomo na huduma kwa jamii. Mmoja wao, Robert Sigmon, aliandika mwaka 1979 kanuni tatu ambazo twaona zinafaa sana kupimia kazi zetu. Tuziseme kwa maneno yetu wenyewe. Kwanza, wanaohudumiwa ndio wenye kuamua huduma wanayoihitaji. Pili, huduma iwaache wao wenyewe wakiwa na uwezo zaidi wa kujihudumia na kuwahudumia wengine. Tatu, wanaohudumu nao wawe wanajifunza, tena wawe na sauti juu ya kile wanachojifunza.

Tukizitumia kanuni hizo, tutatambua mara moja tofauti. Kumpeleka mtoto kuchota maji ya nyumba ya mwalimu si huduma. Ni kibarua kisicho na ujira. Kumpeleka mtoto kuwauliza akina mama kisimani ni mahitaji gani waliyo nayo, kisha kurudi darasani kuhesabu, kuandika na kutafakari, na hatimaye kurudi kisimani pamoja na wazazi ili kutenda: hiyo ni elimu, na ni haki pia.

4. Namna ya kuanza

Tuseme kuna shule tatu zinazotumia kijito kimoja. Walimu wanne au watano wa shule hizo wakutane kwanza na wanakijiji, wasikilize. Huenda walimu walidhani tatizo ni takataka, kumbe wanakijiji wanasema tatizo ni ng'ombe wanaonyweshwa juu ya mahali pa kuteka. Basi kazi ni hiyo, wala si ile tuliyokuja nayo mfukoni.

Kisha kila mwalimu achukue sehemu yake. Mwalimu wa sayansi afundishe jinsi maji machafu yanavyoleta kuhara. Mwalimu wa hisabati awaongoze watoto kuhesabu ni kaya ngapi zinazochemsha maji, na kuchora majedwali. Mwalimu wa jiografia achore nao ramani ya kijito toka chanzo chake. Mwalimu wa Kiswahili awafundishe kuandika barua kwa serikali ya kijiji, barua yenye adabu na yenye hoja, ili wenye mifugo waitwe na waafikiane na wenzao mahali pa kunyweshea. Hakuna somo lililoachwa. Mada ni zilezile za muhtasari, ila sasa zina uhai.

Hapo ndipo simu itakapopata kazi yake halali. Mwalimu wa shule ya kwanza atawaandikia wenzake: "Watoto wangu wamehesabu kaya 40, ninyi je?" Wa pili atajibu: "Sisi hesabu zetu zimekataa, kwa kuwa tuliuliza swali vibaya." Hilo la pili ndilo la thamani zaidi. Siku mwalimu atakapoandika kosa lake bila hofu, na mwenzake akamjibu bila kumcheka, siku hiyo jumuiya imezaliwa. Na yule mwenye khanga hatakuwa tena na siri, wala hatajua kwamba ana siri mpaka aulizwe.

Twashauri jambo moja la mwisho katika hatua hii: kila kazi ifuatwe na tafakari. Wakutane walimu, wakutane na watoto, waulize: tumeona nini, tumeelewa nini, tumembadilisha nani, na sisi tumebadilika vipi? Kuona, kuamua na kutenda ni njia tunayoifahamu katika vyama vyetu vya kitume. Kazi isiyotafakariwa huchosha mwili na kuacha akili ilivyokuwa.

5. Pingamizi lenye haki

Twasikia tayari mmoja wenu akisema moyoni: "Baba, tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yamefurika. Nasahihisha madaftari usiku kwa tochi. Sasa mnaniongezea mzigo mwingine?"

Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatutalijibu kwa mahubiri. Kwanza, twasema wazi kwamba huduma ya mwalimu haiwezi kuwa kisingizio cha kumnyima mwalimu haki yake ya mshahara, nyumba na vifaa. Atakayetumia maneno yetu ya leo kwa ajili hiyo, ametuelewa vibaya. Pili, hatuwaombi mfanye mambo mawili, yaani kufundisha na tena kuhudumia. Twawaomba mfanye lilelile moja, ila mlifanye wengi. Mzigo wa mwalimu hauko katika wingi wa watoto peke yake. Uko pia katika upweke. Darasa la watoto mia humwelemea zaidi mwalimu asiye na mtu wa kumwuliza.

Tatu, tukumbuke mtoto anatazama. Twamfundisha ushirikiano kwa maneno, naye anawaona walimu wake hawasemezani. Twamfundisha kupenda jirani, naye hajawahi kumwona mwalimu wake akivuka korongo. Mtoto huamini anachokiona.

Ndugu walimu, hatukuja kuwaundia chama. Tukitoka hapa bila mwenyekiti na bila katiba, hatujapungukiwa na kitu. Lakini tukitoka hapa bila kila mmoja kujua jina la mwalimu wa shule iliyo jirani, na bila kukubaliana ni siku gani tutakwenda naye kuwasikiliza wanakijiji, basi siku yetu imepotea. Muvuke korongo. Mengine mtazungumza njiani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika shule yetu, ni kazi zipi za watoto ambazo ni huduma, na zipi ni kibarua? Nani aliziamua?

2. Ni lini mara ya mwisho tuliwauliza wanakijiji wanahitaji nini, kabla ya kuwaambia tunachotaka kufanya?

3. Ni kosa gani la kufundisha tunaloweza kuwaeleza wenzetu leo, hapahapa, bila hofu?