Kanisa, Serikali na Shule za Umma: Wajibu Wetu katika Karne ya Pili

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika)



Nimepewa jukumu la kusema juu ya Kanisa na shule za umma. Wapo wazazi Wakristo wanaotamani kuona msalaba au Amri Kumi zikibandikwa katika madarasa ya shule za serikali wanakosoma watoto wetu. Wapo pia wanaotaka sala ya asubuhi mstarini iwe ya Kikristo. Hoja yao ni nzito, kwamba maadili ya vijana yanaporomoka, nami siidharau. Hata hivyo naomba kuonyesha kwamba shauku hiyo, ingawa inatoka katika moyo mwema, inapeleka nguvu zetu mahali pasipo petu, huku mahali petu pamebaki patupu.

Kwanza, tutazame sheria ya nchi. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyo na dini. Ibara ya 19 inamhakikishia kila mtu uhuru wa imani, na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Hayo hayana maana kwamba taifa letu linamkana Mungu. Kila asubuhi watoto huimba wimbo wa taifa, ambao ni ombi kwa Mungu atubariki, na tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Rais huapa akishika Biblia au Kurani. Watanzania tuna dini. Serikali yetu ndiyo isiyo nayo, ili iwe ya wote.

Hata jambo linaloonekana kuwa la wote laweza kuibana dhamiri ya mtu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la wanafunzi 127 wa Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa, na iliwapa haki. Sisi hatukubaliani na mafundisho yao, na wimbo ule tunauimba kwa furaha. Lakini ikiwa dhamiri ya kundi dogo hivyo imelindwa katika jambo la wimbo wa nchi nzima, itakuwaje kwa msalaba au sala ya dini moja?

Pili, tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi elimu ya nchi hii ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya walimu wale. Lakini ukweli una pande mbili: mtoto wa Kiislamu aliyetafuta elimu mara nyingi alikuta mlango wenye msalaba juu yake, na wazazi wengi walichelea kumpitisha mtoto wao hapo. Pengo lililotokea lilionekana wakati wa uhuru, na halijasahauliwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za madhehebu chini ya Serikali. Hapa Morogoro, Marian College ya masista wa Maryknoll ikawa Shule ya Sekondari ya Kilakala. Makanisa yaliona uchungu. Lakini tukitazama nyuma leo, tunaona kwamba watoto wa dini zote waliketi dawati moja, na amani tunayoishi kwayo ilijengwa pia katika madawati yale.

Kuna mengine ya kukumbuka kwa haki. Mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitia sahihi Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii, na ndugu zetu Waislamu wamelalamika kwamba inatupendelea. Baadaye Serikali ya Rais Mkapa ilikabidhi kwa Waislamu majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO hapa mjini, nacho Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikaanzishwa hapo. Wakristo wengine walinung'unika. Inafaa tujiulize kama tunapima kwa kipimo kimoja. Tusidai ukuta wa darasa kwa ajili yetu ikiwa tungeumia kuuona umepewa wengine.

Tatu, tujifunze kwa majirani na kwa walio mbali. Huko Isiolo, Kenya, katika shule ya umma inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ulizuka mgogoro kuhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu. Kanisa lilikwenda mahakamani kupinga. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu, bila kulimaliza swali lenyewe. Miaka ilipita, na Kanisa la Kristo likajulikana katika mji ule kama mdai dhidi ya kitambaa cha mtoto.

Ulaya nako kuna mafunzo. Mwaka 1995 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba agizo la Bavaria la kuweka msalaba katika kila darasa la shule za umma haliafikiani na Katiba. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiruhusu Italia kuacha misalaba yake ukutani. Wengi wetu tungesema msalaba ulishindwa Ujerumani na kushinda Italia. Lakini sikilizeni hoja zenyewe. Mahakama ya Ujerumani ilisema msalaba ni alama ya imani, wala hauwezi kufanywa pambo la utamaduni tu. Mahakama ya Ulaya iliuruhusu kwa kuwa iliuona ni ishara iliyotulia tu, isiyo na nguvu kwa wanafunzi kama ya mafundisho. Ni ushindi gani huo, wapendwa, ambapo msalaba unabaki ukutani kwa kukubaliwa kwamba hausemi kitu? Mtume Paulo aliuita nguvu ya Mungu.

Nne, imani yetu ya Kilutheri inatuelekeza. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya dunia na mipaka yake, akifundisha kwamba upanga wa mtawala haufiki katika roho ya mtu, kwa maana imani haizaliwi kwa amri. Mwaka uliofuata aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule. Aliitaka serikali ijenge shule, wala hakuona aibu. Na mwaka 1529 alipoandika Katekisimo Ndogo, aliukabidhi mkuu wa nyumba kazi ya kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Vivyo hivyo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, amri za Mungu zinatakiwa kukaa moyoni kwanza, kisha zifundishwe watoto tuketipo na tutembeapo, ndipo ziandikwe kwenye miimo ya milango. Angalieni sana: miimo ya nyumba zetu wenyewe.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Katika ratiba ya shule za serikali kumewekwa kipindi cha dini, ambapo watoto hugawanyika kila mmoja kwa dini yake, na jumuiya za dini hualikwa kuleta walimu. Mlango huo uko wazi. Basi tuulizane bila kuoneana haya: ni mara ngapi kipindi kile kinapita watoto wetu wakiwa wameketi chini ya mwembe bila mwalimu? Anayedai msalaba ukutani na asiyepeleka mwalimu darasani amechagua kazi nyepesi.

Kwa hiyo naomba, mbele ya Baba Askofu, tuingie karne ya pili na mambo matatu. Baraza la Wazee lihakikishe kila shule ya msingi na sekondari iliyo katika eneo la Usharika ina mwalimu wa kipindi cha dini, aliyeandaliwa na kupewa nauli na vitabu. Kila nyumba ya Kikristo irudishe ibada ya jioni, hata iwe ya dakika kumi. Na mtoto wa Kiislamu akionewa shuleni kwa ajili ya imani yake, Mkristo awe wa kwanza kumtetea, kama tungependa mtoto wetu atetewe.

Hapa Mzinga, chini ya milima hii ya Uluguru, ukoo mmoja una Wakristo na Waislamu waliozaliwa na bibi mmoja, na msibani hubeba jeneza pamoja. Shule ya umma ni ya ukoo huo wote. Sisi tupeleke Injili kwa kinywa, kwa upendo na kwa mwenendo, nayo itawafikia watoto wetu pasipo msaada wa misumari ya Serikali.

Mungu aubariki Usharika wetu, aibariki Dayosisi yetu, aibariki Tanzania. Amina.