Wastani wa Mwendo Safarini

Basi limetembea kilometa 80 za kwanza kwa kilometa 40 kwa saa, foleni na matuta. Njia ikafunguka, kilometa 80 zilizobaki likaenda 80 kwa saa, ukomo wa mabasi nchini Tanzania. Wastani ni ngapi? Wengi husema 60. Sivyo. Chukua umbali wote, gawanya kwa muda wote: kilometa 160 kwa saa 3, yaani kama 53. Mwendo wa polepole umekula saa 2, wa kasi saa 1 tu.

Aliyetaka wastani wa 80 alikuwa na saa 2 tu, nazo zimeishia kwenye foleni. Hakuna kasi itakayozirudisha. Dereva, usikimbize basi kufidia foleni. Abiria, akikimbiza, mwambieni apunguze.