VVU Huchukua Muda Kufikia UKIMWI

Msikilizaji, bila dawa, mtu anaweza kuishi na VVU miaka 8 hata 10 akilima na kucheza mpira, asijue lolote. Wiki chache baada ya kuambukizwa huenda akapata homa, koo likauma, kisha yakapita. Wengi hudhani ni malaria. Kumbe virusi vinazaliana ndani ya chembe za CD4, askari wa mwili, na kuziua. Mtu mwenye afya huwa nazo 500 au zaidi katika kila milimita ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, huo ni UKIMWI. Hapo kifua kikuu hupata mwanya. Dawa za ARV huzuia hayo yote, na hata aliyechelewa zinamfaa. Tafadhali, nenda ukapime wiki hii.