Diski Zenye Nafasi Kubwa, na Mashini Zizisomazo

Leo twataka kuzungumza juu ya zile diski zing'aazo ambazo watu huwekea picha, sauti na maandishi. Kama unayo moja nyumbani, ichukue, lakini uishike ukingoni, usiguse uso wake.

Tuseme wewe ni katibu wa chama cha ushirika. Kwa miaka kumi umeweka hesabu na picha za mikutano katika kompyuta, nawe wataka kuzihamisha zote katika diski moja uifungie kabatini. Dukani waonyeshwa diski iliyoandikwa BDXL, gigabaiti 100. Wainunua kwa furaha. Kumbe mashini yako haiisomi hata kidogo! Wala diski si mbovu, wala mwenye duka hakukudanganya.

Sababu ni hii. Diski hizi zote zina upana mmoja, sentimita 12, lakini haziandikwi kwa mwanga mmoja. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, husomwa kwa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi nanomita 780. DVD, iliyotoka mwaka 1996, ni 650. Blu-ray ni 405 tu. Mtu mwenye kalamu nene huandika maneno machache katika ukurasa, na mwenye kalamu nyembamba huujaza ukurasa uo huo maneno mengi. Basi CD huchukua kiasi cha gigabaiti 0.7, DVD ya tabaka moja 4.7, na Blu-ray ya tabaka moja 25. Ya tabaka mbili huchukua 50.

Mwaka 2010 ikaja hiyo BDXL. Mwanga wake ni ule ule wa Blu-ray, ila tabaka ni tatu, gigabaiti 100, au nne, gigabaiti 128, na kila tabaka limesongwa maandishi zaidi. Mashini ya zamani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mashini ya BDXL, kwa upande wake, husoma na zile za 25 na 50.

Filamu nazo zina mambo yake. Filamu za Ultra HD Blu-ray, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, hazichezi katika mashini ya Blu-ray ya kawaida, bali mashini ya Ultra HD hucheza Blu-ray na DVD pia. Tena, usidhani kwamba kila kompyuta yenye BDXL itakuonyesha filamu hizo. Zimefungwa kwa kufuli ya siri. Na ndugu yako akikuletea filamu ya Blu-ray kutoka Marekani, itazame kwanza nyuma ya kasha. Marekani ni eneo A, na Afrika ni eneo B. Ikiwa imefungiwa A, mashini ya huku itaikataa. Ultra HD haina udhia huo wa maeneo.

Turudi kwa katibu wetu. Kama mashini yake yaandika Blu-ray ya kawaida, na anunue diski nne za 25; nafasi ni ile ile. Akiisha kuandika, azijaribu katika mashini nyingine, ya jirani au ya shule, kabla ya kufuta chochote katika kompyuta.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuzilinda diski na jua na vumbi. Kwaherini.