Ng'ombe Waliokauka Maziwa: Upanishadi, Gita na Utumishi wa Umma



Naanza na kisa cha ng'ombe, maana tuko Dodoma, nchi ya Wagogo, na hapa habari za ng'ombe hazihitaji mkalimani. Kisa chenyewe kimo katika Katha Upanishadi, andiko la Kihindu lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mzee Vajashravasa aliamua kutoa mali yake yote sadaka ili apate thawabu. Ng'ombe wakaswagwa kupelekwa kwa makuhani. Mwanawe Nachiketa, angali kijana mdogo, akasimama kuwatazama wakipita. Walikuwa vikongwe: meno yamekwisha, viwele vimenyauka, mimba hazishiki tena. Kijana akatambua kwamba baba yake anatoa asichokihitaji, kisha anataka ahesabiwe kuwa ametoa. Akamwuliza je, na yeye atatolewa kwa nani. Akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu. Mzee akapandwa na hasira, akatamka kwamba amemtoa kwa Mauti.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari cha Wagogo anaujua uzito wa swali hilo. Mifugo katika nchi hii huhama zizi hadi zizi kwa ndoa, kwa deni na kwa kuwekeana. Mwenye ng'ombe humkabidhi ndugu au rafiki awatunze. Mtunzaji anapata maziwa, na mwenye mali anajua kwamba ukame ukipiga upande mmoja hatabaki mikono mitupu. Utaratibu wote huo unategemea macho yanayomkagua mnyama na kinywa kinachosema kweli juu ya hali yake. Anayepeleka mtamba mgonjwa kwa wakwe, akijua, anavunja imani ambayo mwaka wa njaa yeye mwenyewe ataihitaji.

Nachiketa alifika kwa Yama, mwenye Mauti, asimkute, akangoja siku tatu bila kula. Yama aliporudi aliona aibu kwamba mgeni amelala njaa nyumbani kwake, akampa nafasi ya kuomba mambo matatu. La kwanza aliloomba kijana ni baba yake atulie moyo. Kila ninaporudi kwenye kisa hiki hapo ndipo nakaa zaidi, kwamba mtoto aliyemkosoa mzazi wake kwa haki hakumwacha njiani. La tatu lilikuwa kujua kinachompata mtu baada ya kufa. Yama akajaribu kumkwepa, akamtajia mifugo, tembo, farasi, dhahabu, wajukuu na maisha marefu. Kijana akakataa, kwa hoja kwamba vyote hivyo huchakaa. Ndipo akafundishwa kwamba mbele ya binadamu hupita mambo mawili, lililo jema na linalopendeza. Kwamba mara nyingi si kitu kimoja. Na kwamba kuyapambanua ndiyo kazi ya akili.

Fikra hizi hazikuwa mbali nasi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita hapa Dodoma, na pamoja nayo wakaja wafanyabiashara kutoka Gujarati: Waislamu wa madhehebu mbalimbali, na Wahindu pia. Babu zetu walinunua kwao chumvi, khanga na mafuta ya taa, na mazungumzo mengi yakaishia kwenye bei. Nalihesabu hilo kuwa hasara ya pande zote mbili. Gandhi mwenyewe alishuka Zanzibar mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, akiwa tayari ameisoma Gita, andiko jingine la Kihindu, alipokuwa mwanafunzi London. Miaka mia moja na ushee baadaye, Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Gandhi ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ile ya mwaka 1995, alipewa Mwalimu Nyerere.

Gita yenyewe inaanza kwa mtu kushindwa kazi. Arjuna, mpiga mishale hodari, anasimama katikati ya majeshi mawili, anawaona ndugu zake na walimu wake upande wa pili, anaweka upinde chini. Krishna, anayemwendeshea gari la farasi, anamfundisha kwamba wajibu wake ni kutenda, bali matunda ya kutenda asiyang'ang'anie. Wengi husikia humo ruhusa ya kutojali: nimefanya kazi yangu, yatakayotokea shauri lao. Huko ni kusoma nusu. Gita hiyo hiyo inakataza kung'ang'ania kukaa bure. Na Mahabharata, utenzi mkubwa ambamo Gita imo, haufichi matunda ya vita vile. Baada ya mapigano unawaleta wajane uwanjani kutafuta maiti za waume na wana wao, na mama Gandhari, aliyefiwa na wanawe wote mia, anamlaani Krishna mwenyewe. Anayekatazwa kuyang'ang'ania matunda hakukatazwa kuyatazama.

Tofauti hiyo tunaweza kuiona Kongwa, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha kule mradi wake mkubwa wa karanga. Nia haikuwa mbaya: vita vilikuwa vimekwisha, na Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Lakini mavuno yalihesabiwa London kabla udongo haujapimwa Kongwa. Mpango ulitaja zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Mizizi ya vichaka ikavunja mitambo, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa mgumu, karanga zisichimbike, na mvua zikawa haba. Mwaka 1951 mradi uliachwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimetumika. Waliouendesha walikuwa wamekodolea macho takwimu za mwisho, wakashindwa kuiona ardhi waliyokanyaga. Karibu nao alikuwako mkulima wa Kigogo akipanda uwele na mtama. Naye aliyataka mavuno, tena kwa njaa ya kweli. Ila aliisikiliza mvua, akachagua mbegu inayovumilia, na mvua ikikatika akapanda upya.

Sitawaficha doa la urithi huu wa Kihindu. Mafundisho ya wajibu wa kila mtu mahali pake yalitumika kwa karne nyingi kuwafungia watu katika tabaka walilozaliwa nalo, wengine wakinyimwa hata maji ya kisima cha pamoja. Tarehe 25 Desemba 1927, kule Mahad, India, B. R. Ambedkar, mtetezi wa watu wa tabaka hizo zilizobaguliwa, na wenzake waliichoma Manusmriti, kitabu cha sheria kilichohalalisha ubaguzi huo, na mwaka 1956 yeye na maelfu ya wafuasi wake wakaingia dini ya Buddha. Nasimama na Ambedkar katika hili. Wajibu ninaoutetea ni ule ambao mtu ameupokea kwa kiapo na kwa mshahara, na ambao anaweza kuulizwa habari zake. Wa kuzaliwa nao, kwa jina la ukoo au rangi, siutetei.

Basi nawageukia watumishi wa umma mlioapa. Mwananchi wa Chamwino anafika ofisini na faili la kiwanja chake, ameamka alfajiri, amepanda daladala mbili. Afisa yupo, lakini asubuhi yake amewapa mafundi wa nyumba yake ya kupangisha, mchana ameupa simu za biashara yake, na sasa saa tisa na nusu anampa mwananchi kilichobaki: macho yaliyochoka na neno "njoo Jumatatu". Hajala rushwa. Huenda hakuna atakayemshtaki. Lakini umma umepewa ng'ombe aliyekauka maziwa, na mtoaji anadai shukrani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiona jambo hilo. Miiko ya Uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, iliyokutana Zanzibar, ilizilegeza kamba hizo. Najua hoja za wakati ule: mishahara ilikuwa haitoshi, na wengi walikuwa wakivunja miiko kwa siri. Hata hivyo, tangu wakati huo mjadala wetu umekuwa juu ya mali ambayo kiongozi anatakiwa kuitamka kwenye fomu. Saa zake, akili yake na nguvu zake za asubuhi hazina fomu. Mimi naamini mjadala wa Miiko ufunguliwe tena, na uanzie hapo. Watakaonipinga ukumbini humu naomba wawe wa kwanza kunyoosha mkono.